Kusoma Neno kwa Sauti ya Tumboni

Kama daktari amekwisha kukwambia kwamba kisanduku chako cha sauti lazima kitolewe, nakuomba jambo moja kabla hujaendelea kusoma: usikubali mtu mwingine aseme kwa niaba yako. Mengine utajifunza. Utajifunza kuoga bila maji kukuingia shingoni, utajifunza kulala umeegemea mito, utajifunza kula chakula kilichopondwa na kumshukuru Mungu kwacho. Hilo la kusemewa hakuna aliyenionya, na ndilo lililokaribia kunimaliza.

Jina langu Sidi, ila Tudor nzima, hapa Mombasa, wananijua kama Mama Furaha. Nashona sare za shule katika duka la Bi Swafiya, huko Bondeni. Kanisani kwetu nilikuwa msomaji. Wako waliojaliwa kuimba, wako waliojaliwa kupika pilau la harusi likatosha. Mimi nilijaliwa kusoma Neno. Nikisimama mbele katika ibada ya kwanza, mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza, na wazee waliozoea kusinzia walifumbua macho. Nasema bila haya kwa sababu sauti ile haipo tena, na marehemu husifiwa. Acheni nimsifu.

Ilianza kwa kukwaruza. Nikasema ni vumbi la vitambaa. Nikanywa tangawizi, nikanywa ndimu na asali, nikatafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Mama mkwe akaniletea mizizi kutoka Kaloleni, nayo nikachemsha nikanywa. Mchungaji akanitania mlangoni mwa kanisa, "Mama Furaha, siku hizi unasoma kama mtu aliyegombana na nyumba nzima." Nikacheka. Kicheko nacho kikatoka kimekwaruzika.

Usifanye kama mimi. Koo likikwaruza majuma na majuma, nenda ukaangaliwe.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alipovuta kiti chake karibu na changu, nikajua kuna jambo, maana siku nyingine zote alikuwa akiongea kutoka ng'ambo ya meza. Akanieleza kwamba ni kansa ya koo. Akagusa shingo yake mwenyewe, pale chini kwenye kishimo, akasema, "Utapumulia hapa, mama." Nikamuuliza, "Na kusoma kanisani je?" Akasema, "Utaishi. Hilo ndilo la kwanza." Nilimkasirikia sana. Leo namwombea heri kila nikimkumbuka, lakini siku ile ningeweza kumpiga kofi.

Nilipasuliwa Kwaresma ilipoanza. Nilipozinduka nilitaka kumwita binti yangu Furaha, niliyemwona amekaa kando ya kitanda na vitabu vyake vya chuo. Midomo ikasogea, hakuna kilichotoka. Nilikuwa nimeambiwa, nilikuwa nimejitayarisha, na bado nilishangaa. Niliangalia huku na huku kama mtu aliyeibiwa.

Nitakwambia mwili unavyokuwa, usije ukashtuka. Ukikohoa, kikohozi hakiji mdomoni, kinarukia shingoni. Pua inabaki pambo tu. Husikii harufu ya chakula kinachoungua. Mimi niliunguza wali, nikaunguza na maharage, mpaka Furaha akanifukuza jikoni. Moshi wa aina yoyote unakuingia moja kwa moja kifuani. Na kulia, jamani! Machozi yanashuka, mabega yanatikisika, na chumba kiko kimya. Watu waliokaa na wewe wanaendelea kuongea habari zao.

Lakini wema nao haukukosekana. Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Mji wa Kale, mwenye kidonda mguuni. Alinichukua kama mali yake. Kila nikipiga makofi yeye alipaza sauti wodi nzima isikie, "Dada wee! Huyu mtu wangu yuataka maji!" Hakuwahi kukosea nilichotaka. Sijui alijuaje.

Mvua za masika zikaja, na matibabu ya mionzi yakaanza. Siku za kazi zote nilikuwa kwenye ile foleni, nguo zimelowa, nimeshika mwavuli na chupa ya maji. Wanakutengenezea kinyago cha plastiki cha umbo la uso wako, wanakivika na kukifunga mezani ili usitikisike. Siku ya kwanza nilidhani nitakufa mle. Ya pili nikaanza kuomba. Nilikuwa nimezoea kuomba kwa sauti, tena kubwa, na mle ndani sina sauti wala siwezi kuinua hata kidole. Nikaomba hivyo hivyo, moyoni, maneno mafupi mafupi. Sikuona nuru yoyote. Ila nilitoka pale nikajua nimesikiwa, na hakika hiyo haijaniacha hadi leo. Shingo ikawa nyeusi, ikachubuka. Mate yakakauka. Bi Swafiya akawa ananitumia uji wa mchele wa tui kila asubuhi, ndicho kitu pekee kilichokubali kushuka.

Sasa nije kwa mume wangu. Karisa, Baba Furaha, ni karani katika ghala la chai bandarini, mtu mzuri, asiyependa ugomvi. Watu walipokuja kuniona alijigeuza mdomo wangu.

"Waendeleaje, Mama Furaha?" mgeni anauliza.

Mimi nasema kwa midomo: Naumwa. Fungeni dirisha, moshi wa jirani unaniingia.

Karisa anajibu, "Anasema hajambo, anamshukuru Mungu, na mbarikiwe kwa kuja."

Mgeni anafurahi, anakaa saa nzima, na dirisha liko wazi. Haya bwana.

Upepo wa kusi ulipokolea na jua kupungua makali, nilirudi kanisani. Nilijishonea kitambaa cheupe cha kufunika tundu, nikakitia lesi pembeni, nikaona nimependeza. Tukakaa benchi letu la siku zote, mimi, Karisa na Furaha. Katikati ya mahubiri kikohozi kikanijia, kikatoka na mlio wake. Waliokaa mbele wakageuka. Mama aliyekuwa ubavuni mwangu akamvuta mtoto wake. Jumapili iliyofuata benchi zima lilikuwa letu sisi watatu. Wengine walisimama ukutani kuliko kukaa pale.

Wiki hiyo mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Mzee Mwadime, akaja nyumbani. Alikaa, akanywa chai, akamwambia Karisa kama vile mimi sipo, "Tumeonelea mwenzako apumzike kusoma. Apate nafasi ya kupona vizuri. Yeye anasemaje?"

Mimi nikasema kwa midomo, wazi kabisa: Sitaki.

Karisa akaniangalia. Akamwangalia mzee. Akasema, "Amesema ni sawa, mzee. Anashukuru."

Mlango ulipofungwa tu, nikachukua kifuniko cha sufuria nikakipiga kwa mwiko. Sikuwa na namna nyingine ya kupiga kelele. Nilikipiga mpaka jirani wa juu akagonga sakafu yake, nami nikaongeza. Karisa akaziba masikio.

"Ulitaka niseme nini?" akafoka. "Hukuwaona walivyohama benchi? Unataka usimame mbele wakucheke? Mimi nitayaweka wapi macho yangu?"

Kisha akakaa chini, akashika kichwa. "Nimechoka, Sidi. Nimechoka kuwa mdomo wako."

Nikaacha kupiga. Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilosema tangu nitoke hospitali. Nilikaa karibu naye, ila hasira haikuisha, wala sitakudanganya kwamba iliisha.

Kliniki yetu ilikuwa na mwalimu wa sauti, binti mmoja mwenye subira. Alikuwa amekwisha kunieleza kwamba mtu aliyetolewa kisanduku anaweza kumeza hewa kidogo, akairudisha juu, na kwenye ule mlio akaumba maneno. Kwa lugha isiyo ya hospitali: unasema kwa kubeua. Nikatikisa kichwa. Mimi? Mwanamke mzima, msomaji wa kanisa, nikapige mbweu mbele za watu? Kwetu pwani mtoto akibeua mezani anaondolewa.

Siku moja nimekaa kwenye benchi la kungojea, nikasikia mtu anamgombeza muuguzi. "Mimi nalikuya. Kabla ya huyu." Sauti nzito, inakwaruza, inatoka kwa vipande. Nikageuka. Ni mzee wa Kiswahili wa Mji wa Kale, kanzu safi, kofia iliyodariziwa kwa mkono, na shingoni kitambaa kama changu. Nilisimama bila kujijua. Nikaonyesha koo langu, nikaonyesha lake.

"Wataka hini sauti?" akaniuliza. Jina lake Mzee Omari. "Ni mbweu tu. Mwanangu. Meza hewa. Irudishe. Weka neno juu yake."

Nikaonyesha kwa mikono kwamba ni aibu. Akacheka bila sauti, mabega yakamtikisika.

"Adabu yakufaani?" akasema. "Na kauli huna?"

Nilijifunza. Lo, nilijifunza! Nilikunywa soda mpaka meno yakaniuma. Nilifanya mazoezi asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikafanya tena dukani chini ya mlio wa cherehani. Hewa ilikataa kushuka, ikishuka ilikataa kurudi, ikirudi ilirudi nikiwa ninawahudumia wateja. Bi Swafiya alikuwa akifukiza udi duka zima kila asubuhi, mazoea ya tangu kwa mama yake. Aliponiona nakimbilia nje nimeshika shingo, alikimwaga kile chetezo barabarani na makaa yake. "Udi ni wangu na duka ni langu," akasema. "Ingia ndani." Hakufukiza tena.

Neno langu la kwanza ningependa kukwambia lilikuwa takatifu. Lilikuwa kuku. Mwalimu alisema tuanze na maneno yenye K na P na T, ndiyo mepesi. Nilikuwa jikoni na Furaha, hewa ikakubali, nikasema, "Kuku."

Furaha akaangusha kijiko. "Mama! Umesema kuku!"

"Kuku," nikasema tena. Tukakumbatiana tukilia na kucheka, na yeye akampigia baba yake simu kazini amweleze. Jioni Karisa akaja na kuku mkononi. Sikuwa nimemwagiza, lakini tulimla.

Kufikia majira ya vuli nilikuwa nasema maneno matatu manne kwa pumzi moja. Sauti yenyewe ilikuwa nzito, ya kiume, kama ya mtu aliyetoka usingizini. Mimi niliiona nzuri. Majirani hawakuiona hivyo.

Wewe kama si mtu wa pwani pengine hutaelewa, basi ngoja nikueleze. Kwetu kila mtu, awe Mwislamu au Mkristo, anajua dalili za mwanamke aliyepandwa na jini. Anabeua sana. Sauti inageuka ya kiume. Anajifunga vitambaa. Udi ukifukizwa anahangaika. Sasa nitazame mimi: nabeua tangu alfajiri, naongea kama kuli wa bandarini, shingo imefungwa, na Bondeni nzima imeona nikiukimbia udi. Jirani wa chini akayajumlisha, na jumla yake ikafika kanisani kabla yangu.

Karibu na Krismasi, kundi la maombi likaja nyumbani, akina mama kama sita, wameongozwa na Mama Neema. Nisimseme vibaya mama yule. Kabla ya upasuaji hakuna aliyeniombea kama yeye. Alifunga, akalia, akanishika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Alinipenda. Ndiyo maana alikuja kunitolea jini.

Wakanizunguka. Mafuta yakanitiririka usoni. Kelele zikaanza, na mimi nilikuwa nimetoka kazini, miguu inaniuma, sijala.

"Wewe uliyemo ndani!" Mama Neema akanguruma. "Jina lako nani?"

Nikameza hewa. "Sidi," nikamjibu.

Jamani, ungewaona! Mmoja alitoka mbio akaacha viatu. "Limejitaja!" akapiga yowe ngazini. Wengine wakashikana. Nikaona nimalize fitina hii mara moja. Nikameza hewa tena, nikasema polepole, "Yesu... ni Bwana... wangu."

Mama Neema akarudi nyuma hatua moja, macho yamemtoka. "Hili ni gumu," akawaambia wenzake. "Hili limeokoka."

Leo nikisimulia kisa hiki nacheka mpaka tundu linapiga filimbi. Siku ile sikucheka. Wazee walikaa, wakaamua nisisome, na tena nisitembelee wodi za wagonjwa pamoja na kundi letu la Alhamisi, mpaka mambo yangu yaeleweke. Kusoma na kutembelea wagonjwa, hizo ndizo kazi nilizomfanyia Mungu tangu ujana. Kansa ilinichukulia koo. Hili lilitaka kunichukulia sababu ya kuamka. Niliumia. Niliwakasirikia wao, nikamkasirikia na Yeye mwenyewe, nikamwambia hivyo.

Jumapili ile sikwenda kanisani. Nilikwenda dukani, nikakaa kwenye cherehani. Bi Swafiya akatoka nyuma ya pazia.

"Kwani yeo si Jumapili? Wafanyani hapa?"

"Wamenikataa," nikasema.

"Wao ndio waliokuumba?"

Nikaendelea kushona.

"Nakuuliza. Ni wao?" Akauzima umeme wa cherehani. "Miaka yote hii sijakutaka kazini Jumapili, na yeo sikutaki. Wewe una Mola wako wa kwenda kumuabudu. Enda. Ondoka kwenye kiti changu!"

Nikaenda. Nilifika ibada imefika katikati, nikakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Hakuna aliyenisalimu. Niliimba wimbo wa mwisho kwa midomo. Jumapili iliyofuata nikaenda tena, na nyingine, na nyingine. Sikuwa na ushujaa wowote. Kuna Jumapili niliyokwenda kwa ukaidi mtupu, na nadhani Mungu aliupokea ukaidi ule kama sadaka.

Alhamisi nazo sikuziacha. Kliniki yangu ilikuwa jengo lile lile, basi nikimaliza yangu nilibaki kwenye benchi la kungojea, nikikaa na yeyote aliyekuwa peke yake. Sikuwa na kundi wala beji. Nilikuwa na kitambaa changu cha lesi na mbweu zangu. Hapo ndipo nilipomkuta mama mmoja aliyekuwa amekataa kupasuliwa. Alikuwa amekwisha kubeba mkoba wake arudi kwao. "Heri nife na sauti yangu," akamwambia muuguzi.

Nikakaa kando yake. Nikafunua kitambaa, nikamwonyesha tundu. "Nami nilisema hivyo," nikamwambia. "Na bado nasema."

Akaniangalia koo, akaniangalia mdomo. Akaweka mkoba chini. Alinishika mkono asiuache, akaniuliza maswali kama mvua: unakulaje, mumeo anakutazamaje, unaombaje. Nilimjibu yote, kipande kwa kipande. Nilipoinua macho, mchungaji wetu alikuwa amesimama kwenye korido. Alikuja kumwona mgonjwa wake mwingine, na sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Joto la kaskazi lilikuwa limefika pabaya mchungaji aliponiita kwenye kikao cha wazee. Tukaenda mimi na Karisa. Feni inazunguka, watu wanajipepea kwa karatasi. Mama Neema naye alikuwepo, mwakilishi wa akina mama. Mchungaji akafungua kwa sala, akasema tumekuja kusikia habari za dada yetu. Mzee Mwadime, kwa mazoea, akamgeukia mume wangu.

"Baba Furaha, mwenzako anasemaje?"

Karisa akakohoa. Akaangalia viatu vyake, kisha akainua uso.

"Yeye huyu hapa, mzee," akasema. "Muulizeni mwenyewe. Na mngojee ameze hewa."

Nimeolewa na mwanamume yule zaidi ya miaka ishirini. Sijawahi kumpenda kama dakika ile.

Nikasimama. "Sina jini," nikasema. "Nina tundu." Nikafungua kitambaa wakaliona, chumba kizima. "Mungu amenisikia... bila sauti... mwaka mzima. Nyinyi... mtashindwaje? Nataka kusoma."

Feni inazunguka. Mzee Mwadime akasema sauti ile itawatisha watoto. Mchungaji akasema watoto wamezoea mahubiri yake, watazoea na hilo. Mwingine akasema haitasikika nyuma, nikasema kuna kipaza sauti. Mama Neema naye akasema, "Mimi siku hiyo nitakaa mlangoni." Mwisho wakanipa somo la Jumapili ya Mitende, ibada ya kwanza, na nikaona walivyoangaliana.

Nilifanya mazoezi ya somo lile kuliko nilivyowahi kufanya nikiwa na koo. Nikaligawa vipande vya pumzi moja moja. Nikamsomea Furaha, nikamsomea Karisa, nikamsomea Bi Swafiya dukani naye akasema, "Hapo kwa punda umekwenda mbio, rudi." Mzee Omari akanionya kliniki: kipaza sauti kiwe karibu na mdomo, maana sauti hii ni fupi, haifiki mbali.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa, watoto wameshika makuti mabichi ya mnazi, wakubwa nao wameshika. Jua la asubuhi tayari linachoma. Nikaitwa. Nikapanda, nikaweka kipaza sauti karibu, nikameza hewa, nikasema neno la kwanza, na umeme ukakatika.

Taa zikazima. Feni zikasimama moja baada ya nyingine. Kipaza sauti kikafa mkononi mwangu. Watu wakaanza kujipepea kwa makuti, na kanisa lote likawa mchakacho mtupu. Nikasema neno la pili, hata mimi mwenyewe sikulisikia. Nikamwona Mzee Mwadime anainuka kidogo kwenye kiti chake, tayari kuja kunipokea, na sura yake ilikuwa ya huruma. Huruma ile ndiyo iliyoniuma. Nikashika ile meza ya kusomea kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, Bwana, mimi sishuki. Nikaanza kusoma, hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani yake mezani.

Mstari wa kwanza, mchakacho. Wa pili, mchakacho. Kisha msichana mmoja wa shule ya Jumapili, benchi la mbele, akalaza kuti lake mapajani ili asikie. Mama yake akalaza lake. Nikaona makuti yanashuka benchi hadi benchi. Joto lile, na watu wakaacha kujipepea. Ila bado sauti haikufika nyuma, nami nilijua, nikaendelea.

Mzee Mwadime akasimama. Nikadhani ndiyo hivyo, anakuja kunishusha. Akatembea hadi mbele, akasimama karibu na meza yangu, akatega sikio. Alipofanya vile, benchi la pili likainuka. Na la tatu. Watu wakatoka kwenye viti vyao wakajaa kwenye njia ya katikati, wakapanda hadi kwenye ngazi, akina mama na watoto mgongoni, vijana wa kwaya na majoho yao, wote wanasogea. Mama aliyemvuta mtoto wake siku ile alikuwa amesimama karibu hata angeweza kunigusa kitambaa. Karisa alikuwa katikati yao, analia waziwazi, wala hakuficha uso. Nikasoma. Nikasimama kumeza hewa, nao wakangoja. Kanisa zima lilikuwa linangojea hewa yangu, na sikusikia hata mmoja akikohoa.

Nikafika mwisho wa somo. Nikainua macho. Nyuma ya watu wote, Mama Neema alikuwa anapenya kutoka mlangoni, mkono mmoja umeshika goti lake bovu, mwingine unasukuma mabega ya watu.

"Mama Furaha!" akaita. "Sikupata mwanzo, nilikuwa mbali. Hebu rudia."

Nikameza hewa, nikaanza upya.